Bahari Ndani ya Tangi la Maziwa

Mwalimu aliogopa maji. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Bulyaga, mtaa wetu hapa Tukuyu, wanaomkumbuka watakuambia kinyume chake, kwamba yule mama hakuogopa mtu wala shetani. Mimi niliishi naye ua kwa ua. Nilimwona akikataa kuvuka kijito cha bondeni mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono. Mvua ya radi ikianza, na kwetu mvua haiombi ruhusa, aligeuza kiti chake kikaelekea ukutani akakaa hivyo mpaka ipite. Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeamua kuweka bahari sebuleni kwake.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo nawaachia wenye ukoo. Mimi nilimpata akiwa Mwalimu tayari: amestaafu kufundisha baiolojia huko pwani, amerudi milimani na masanduku mawili, sweta la kijani na sauti ya kunyamazisha darasa. Jina lake nalijua. Lakini hakuna aliyelitumia mtaani, na nikilitumia hapa nitaona kama namsema mtu mwingine.

Nami nijieleze kidogo. Nafuga ng'ombe, nauza maziwa, na ni mwoga. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kuku wa jirani akikohoa mimi nafunga mlango. Kwa hiyo mkiona natetemeka mara nyingi katika habari hizi, msidhani natia chumvi. Chumvi ilikuwa kwa Mwalimu.

Tangi lenyewe nililijua kabla yake. Lilikuwa tangi la kupozea maziwa, la kituo ambacho wafugaji wote wa upande wetu tulipeleka maziwa. Lilikuwa pana kama kitanda, la chuma cheupe kinachong'aa, lina miguu minne na mfuniko mzito, na ndani yake mwiko mkubwa unaozungushwa na mota. Zilipokuja siku za ruksa, kila mtu akawa anauza anachotaka, na mashirika yakawa yanakufa moja moja. Kituo kikafungwa, vitu vyake vikatolewa nje vitafutiwe wateja. Mizani ikaenda, madebe yakaenda, hata milango ikaenda. Tangi likabaki majanini linanyeshewa. Nani anataka mashine ya kupozea kitu katika mji wenye baridi kama Tukuyu? Kwa hiyo nilipoliona juu ya pikapu linakuja mtaani kwetu nilifurahi, nikadhani kituo kimerudi.

"Ndaga, Mwalimu," nikamsalimu. "Umetufungulia kituo?"

"Hapana, Mama Tumaini. Nataka kufuga viumbe wa baharini."

Nikacheka. Yeye hakucheka, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanza.

Alikuwa na hoja; sikumwona siku hata moja akikosa hoja. Tangi lile, alisema, lina kuta mbili, na katikati kuna kitu cha kuzuia baridi isitoke. Kinachozuia baridi kutoka kitazuia na joto kutoka. Mwiko wa kukorogea maziwa utakoroga maji yawe kama yana mawimbi. Akamleta fundi wa kuchomelea kutoka Ibighi, akakata dirisha ubavuni mwa tangi, wakaweka kioo kinene kwa gundi nyeusi. Chuma chote cha ndani akakipaka rangi mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, maana chuma kikigusana na maji yale, alisema, ni sumu. Kwenye paa akaondoa bati moja akaweka la plastiki linalopitisha jua. Waliopita njiani walilitazama bati lile wakaongeza mwendo. Kwetu nyumba yenye uwazi juu ina maelezo yake, na yanahusu wanaoruka usiku, si jua.

Alianza na chumvi ya dukani, viroba kwa viroba. Mwenye duka alimuuliza kwa wema, "Mwalimu, kwani una ng'ombe wangapi?" Mtu mwingine angesema anao wanne, au anamnunulia ndugu. Yeye akajibu, "Sina ng'ombe hata mmoja," akabeba chumvi yake akatoka. Ndivyo alivyokuwa. Uongo mdogo wa kulainisha maisha, ule ambao sisi wengine tunaupika kila asubuhi pamoja na chai, yeye hakuujua. Na chumvi yenyewe haikufaa. Vile viumbe vya kwanza alivyoletewa vilikufa vyote, akaniambia kwamba bahari si maji yenye chumvi tu, kama vile mtu si nyama yenye damu tu. Maneno hayo hayakunisaidia kulala.

Baada ya hapo akapatana na dereva mmoja wa lori la ndizi. Lori lilishuka Dar es Salaam na ndizi zetu, likarudi na madumu ya maji ya bahari yenyewe. Mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa huko ndiye aliyeyajaza, na pamoja na maji akatuma vipande vya mawe vyenye uhai ndani ya ndoo za mfuniko. Mara ya kwanza walipojaza tangi, gundi ya kioo ikaachia upande mmoja, maji yakapita chini ya ukuta mpaka kwenye migomba yangu. Migomba mitatu ikawa ya njano wakati wa mvua, kitu ambacho sijawahi kukiona. Mwalimu alikuja na koleo kwenye mvua, yeye mwenye kuogopa radi, akachimba udongo wote ule akaubadilisha. Kila ngurumo ilipopiga alifumba macho, akachimba akiwa amefumba hivyo hivyo. Nilimwambia aache, akasema migomba haina kosa.

Aliyeipenda bahari ile bila maswali ni ng'ombe wangu. Alikata kamba akaenda kulamba ukuta wa Mwalimu mpaka rangi ikatoka. Watu wakasema hata mnyama ameitwa.

Alikuwa na maneno yake. Lile alilolirudia sana ni hili: "Hofu ni mgeni, mpe kigoda, usimpe kitanda." Mimi yangu ilikuwa imelala kitandani na viatu, lakini nilipenda kumsikia akisema. Siku moja tulipokuwa tunachambua maharage nikamuuliza, wewe mwenye kuogopa hata kijito, bahari ya nini? Akasema miaka yote aliyokaa pwani hakuingia majini, ila mara moja tu, maji yalipokupwa, alipowapeleka wanafunzi kutembea juu ya miamba. Bahari ikaanza kurudi yeye akiwa amesimama juu ya jiwe. Maji yakafika magotini. Miguu ikagoma, akasimama pale analia mbele ya wanafunzi wake mpaka walipokuja kumshika.

"Niliogopa mpaka nikashindwa kufumba macho," akasema. "Na kwa kuwa sikufumba, nikaona kilichokuwa chini."

Hakuniambia aliona nini. Alisema nitaona mwenyewe, tangi likikaa sawa.

Sasa ubaya wake, kama ni ubaya. Mwalimu aliwasahihisha watu maneno. Alimsahihisha mchungaji akiwa bado madhabahuni. Alimsahihisha mfiwa katikati ya kilio. Ukimwambia "kile kidude," atakuuliza kidude gani, na hatakupa mpaka ukitaje. Nilimsihi, Mwalimu, hayo mawe yako waambie watu ni mawe ya baharini, yatosha. "Si mawe," akasema. "Ni matumbawe. Kila kitu kina jina lake." Sisi wa milimani neno hilo hatukuwa nalo. Hata ulimi wangu ulilikataa mara mbili.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Ulikuwa ule wakati wa uvumi wa ngozi, mkoa mzima watu wakisimuliana kwamba kuna wanaochuna watu na kuuza ngozi zao nje ya nchi. Sijui kilichokuwa kweli na kilichokuwa maneno. Najua tulikuwa tunarudi kutoka shambani kwa makundi, najua wageni waliulizwa maswali wakiwa wamezungukwa. Na kila mfugaji anajua ngozi huhifadhiwa kwa chumvi. Ukiwa na akili ya hofu hesabu hiyo haikuhitaji kalamu: chumvi viroba, tangi la chuma lenye mfuniko, bati lililo wazi, migomba iliyokufa. Umeme nao ulikuwa wa mgao. Ukikatika, mwiko ulisimama, na Mwalimu alichukua pampu ya baiskeli akaanza kuvipulizia hewa viumbe vyake kwa mkono. Sauti yake ilipita ukutani, fyuu, fyuu, polepole, na nilijua ni pampu, maana nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, na bado nilijifunika blanketi.

Siku ya siku, lori lilifika mchana, siku ya soko. Makuli walikuwa wanashusha madumu. Kuli mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akaichukua ndoo ya mfuniko kwa mkono mmoja akaitikisa, kama mtu anavyotikisa debe kujua kilichomo. Mwalimu akapaza sauti ile ya darasani:

"Taratibu! Humo mna matumbawe, yako hai!"

Nilikuwepo. Nilimwona yule kuli akiweka ndoo chini, taratibu kweli kweli, akapangusa mkono kwenye suruali, akaondoka bila kudai ujira. Hakusikia alichoambiwa. Alisikia lile neno lililo karibu nalo, ambalo analo kila mtu. Kabla soko halijavunjika habari ilikuwa imefika kwenye meza za nyama na imerudi: Mwalimu ana matumbo ya watu ndani ya tangi, na yako hai. Kwa wengine ingekuwa kichekesho. Kwetu uchawi wenyewe, wazee wanasema, hukaa tumboni.

Walikuja siku ile ile, mvua ikinyesha, umeme umekatika. Sikuwahesabu, nilijua tu kwamba nyuma ya uzio wangu hapakuwa na nafasi ya mtu kupita. Wengi niliwafahamu. Kulikuwa na wateja wangu wa maziwa. Mbele yao alisimama balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ambaye Kiswahili chake hakijawahi kutoka nje ya Kinyakyusa.

"Mwalimu," akasema, "fungula. Hatuna ugomvi. Tunataka kuona tu, halafu twende kwa heli."

"Umeme haupo," Mwalimu akajibu kutoka mlangoni. "Nikifungua mfuniko joto litatoka, vitakufa."

"Vitakufa!" mtu akapiga kelele nyuma. "Mmesikia? Amesema viko hai!"

Niliona mikono ikiinama chini na kuinuka na mawe. Mwili wangu wote ulitaka kurudi ndani. Nataka nieleweke: nilikuwa naogopa wale watu, na nilikuwa naogopa lile tangi, na sikujua kipi nakiogopa zaidi, maana kwa miezi yote ile nilikuwa sijawahi kuinama kutazama kwenye kile kioo. Lakini nilijua pia kwamba yule mama angekufa pale mlangoni, kwenye sweta lake la kijani, akiwa anawasahihisha.

Mwalimu akasema aingie mmoja atazame kwa dirisha, kisha awaambie wenzake. Hakuna aliyetaka kuwa huyo mmoja. Watu wenye mawe wakawa wanatazamana. Ndipo balozi akageuka.

"Gwe jilani yake. Ingia wewe."

Mvua ilikuwa imenilowesha mpaka ndani. Nikajifunika vizuri kanga yangu, nikapita katikati yao, nikaingia. Mwalimu akasimama kando yangu akamulika kioo kwa tochi. Nikainama kwenye kioo.

Sikujua nitazame wapi kwanza. Kulikuwa na kitu cha rangi ya zambarau chenye vidole vingi laini, na vidole vile vilikuwa vinafunguka na kufumba, vinafunguka na kufumba, kila kimoja kwa wakati wake. Kulikuwa na jiwe lililoota midomo midogo ya kijani. Kulikuwa na ua nono lisilo na shina, na ndani ya ua lile samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe walikuwa wamelala kama watoto chini ya kanga ya mama yao. Nilisahau watu waliokuwa nje. Nilielewa kwa nini mtu anaweza kusimama juu ya jiwe, bahari inapanda, asifumbe macho.

"Umeona nini?" balozi akaita.

Nikatoka mlangoni, nikafungua kinywa, na neno sikuwa nalo. Yeye alinifundisha, mimi nikalikataa. Nikasema kilichonijia:

"Mawe! Mawe yanayopumua!"

Mungu anisamehe. Mwanamke mmoja alipiga yowe, na jiwe la kwanza likatua kwenye bati.

Aliyetuokoa ni balozi, na mpaka leo sijui alifanya kwa ujasiri au kwa kuchoka na mvua. Alinisukuma kando akaingia mwenyewe na fimbo yake, akafunua mfuniko, akachungulia kwa juu. Alikaa humo muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko ibada. Alipotoka alikuwa anafuta uso.

"Samaki," akasema.



"Samaki wakubwa?" mtu akauliza.

"Wadogo. Naloli, kweli kabisa, hata mboga ya mtu mmoja hawatoshi."

Mtu mmoja akacheka, pengine mwenye njaa. Wa pili akacheka. Kisha aibu ikaingia kati yao, wakaanza kukumbuka kwamba ni siku ya soko na mizigo yao inalowa. Yule mwenye duka aliweka jiwe lake juu ya uzio wangu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sufuria. Balozi akabaki nyuma. Akamwambia Mwalimu kwa sauti ya chini, nami nikasikia: "Leo nimesema samaki. Kesho sijui nitasema nini. Hama, dada yangu."

Joto lilikuwa limetoka. Umeme ulichelewa, na vile vidole vya zambarau vilijikunja, vikawa kamasi, jiwe la kijani likawa jeupe. Samaki wale wawili walidumu kidogo kuliko vyote. Mimi kila asubuhi nilimpelekea Mwalimu maziwa, bure, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusema pole. Aliyapokea kwa mlango aliofungua kidogo tu. Asubuhi moja nilipita nyuma ya nyumba yake nikaona majani meupe, na nikaelewa kwamba hanywi, anamwaga. Nilijiambia ni huzuni tu.

Akahama kwenda Igogwe kwa binti wa dada yake. Hakuniaga. Niliona nyumba imefungwa, tangi limetolewa nje tena majanini. Nilimtumia salamu kwa watu waliokwenda hospitalini kule, mwaka hadi mwaka, na hazikurudi. Iliniuma. Wengine wote waliokuja na mawe aliwaitikia salamu njiani mpaka siku ya mwisho, ila mimi, niliyeingia ndani na kutoka bila kumgusa, ndimi aliyenikwepa.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, nilipokwenda Igogwe kumtazama mgonjwa wangu. Nilielekezwa nyumba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki nje, anamenya ndizi, amekonda, sweta ni jingine. Nikamwamkia, akaitikia. Akanielekeza kwa kisu mahali pa kukaa, si karibu.

Tukaongea habari za migomba na bei ya chai. Nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mbona hukuniaga?"

Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo. "Wale wengine walishika mawe, niliyaona," akasema. "Balozi alishika fimbo, niliiona. Wewe uliingia mpaka ndani, ukasimama karibu nami kuliko wote, na mkono wako mmoja ulikuwa umeuficha ndani ya kanga. Uliinama, ukatazama, ukatoka, hukuutoa. Nikasema, huyu ndiye waliyemtuma kunitilia dawa." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa umeshika nini, Mama Tumaini?"



"Sikushika kitu. Ulikuwa unatetemeka. Niliuficha wale watu wasiuone, wasije wakasema hata jirani yake anamwogopa, basi ni kweli."

Akaweka kisu chini. Machozi yalikuwa yananilenga, nikadhani na yeye vilevile, nikadhani sasa tutashikana.

"Lete mikono," akasema.

Nikasogea nikampa yote miwili. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza chini, akapitisha kidole gumba katikati ya vidole vyangu, kimoja kimoja. Kisha macho yake yakashuka kwenye kanga niliyokuwa nimevaa siku hiyo, kwenye ncha, pale ambapo kila mwanamke hufunga vitu vyake.

"Na kwenye pindo?"

Nikafungua fundo mbele yake nimtoe wasiwasi. Vilikuwa vidonge vyangu vya presha, viwili, vimefungwa kwenye karatasi.

Mwalimu akavitazama. Kisha akainuka, akavuta kiti chake nyuma, akalichukua na sinia la ndizi akaliweka upande wa pili, pasipofikiwa na mkono wangu.